Sentimita Tano za Juu

Mkoani Mara mtu akionekana amechuchumaa anachimba, basi anatafuta dhahabu. Maelezo mengine hayapokelewi. Mimi nilichuchumaa miezi saba, kuanzia Musoma mjini hadi Butiama na Bunda, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyeniamini niliposema natafuta mionzi. Pale Butiama mzee mmoja alikaa juu ya jiwe kutwa nzima akinitazama ninavyojaza udongo kwenye vimfuko, nikiandika namba, nikifunga. Tulipokuwa tunaondoka akaniita pembeni, akaniambia kwa upole wa mtu anayemsamehe mwizi, "Kijana, mimi sikuulizi. Ila nimeona mnachukuaga ile ya juu tu. Wenzenu wa zamani walikuwaga wanachimba chini sana. Kweli elimu ni kitu kizuri."

Ukweli ni kwamba nilikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya Musoma, niliyechukuliwa kwa muda kuwa msaidizi wa utafiti. Cheo hicho kina heshima yake. Msaidizi wa utafiti ni mtu anayebeba bomba la chuma, nyundo na ndoo. Profesa ni mtu anayebeba kofia. Profesa wetu alitoka chuo kilicho mbali na mkoa wetu, msomi wa kweli na mtu mwema, ila alikuwa na viatu vyeupe ambavyo aliviogopea tope kuliko wananchi walivyoogopa mionzi. Kila tulipofika ufukweni alisimama pale penye nyasi kavu, akaninyooshea kidole mahali penye matope, akasema, "Hapo panafaa sana."

Tulikuwa tunapima mionzi iliyomo kwenye udongo wa kandokando ya ziwa. Mionzi hiyo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya asili, ipo tangu mawe yalipoumbwa, na kwenye mgao wa mawe sisi hatukupunjwa. Musoma watu wamejenga pale ambapo mawe yaliwaruhusu. Ya pili imeletwa na binadamu. Zamani, kabla sijazaliwa, mataifa makubwa yalikuwa yakilipua mabomu ya nyuklia angani kwa majaribio. Vumbi lake likapanda, likatembea na mawingu, likashuka na mvua kila mahali. Kwa hiyo watu ambao hawajawahi kutukumbuka kwa jambo lolote la maana, kwenye hilo walitukumbuka, na wakatugawia bila hata kuomba. Kilichotufikia ni kidogo, hakiwezi kumdhuru hata kifaranga, lakini kipo, na mashine nzuri inakiona.

Mashine nzuri haikuwepo Musoma. Ilikuwa huko huko kwa profesa, ndani ya sanduku la madini ya risasi lenye kuta nene. Huku kwetu kulikuwa na maandalizi tu, na maandalizi yalifanyika nyumbani kwangu Nyasho. Udongo unaanikwa mpaka ukauke kabisa, unatwangwa, unachekechwa, unafungwa kwenye kopo lisilopitisha hewa, kisha unaachwa mwezi mzima ndiyo upimwe. Kwa hiyo mimi mwenye shahada ya fizikia nilikaa uani na kinu katikati ya magoti nikitwanga, na majirani wanapita. Mke wangu alivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu akasema, "Wenzako wakisomaga wanaletaga nyumbani hata kabati. Wewe umeleta udongo, kama vile hapa nje hakuna."

Jirani yetu mmoja alikuwa mjamzito. Alipita mara ya kwanza kama anayesalimia, mara ya pili akauliza ninauzaje. Nilimketisha nikamweleza kwamba huu si udongo wa kula, ni sampuli, tunapima mionzi, nikamfafanulia na aina zake zote mbili. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Sasa hiyo ya Nyegina na hiyo ya Guta, ipi laini?"

Nimechekesha vya kutosha. Nilichokusudia kuandika ni habari ya hiyo ya Guta, wilayani Bunda.

Lile vumbi la mabomu lina tabia moja ambayo habari yote hii imesimama juu yake, kwa hiyo nitaieleza polepole kama ninavyowaeleza kidato cha pili. Likishuka na mvua linang'ang'ania udongo wa juu, zile sentimita tano za kwanza hivi, na haliendi mbali zaidi ya hapo. Ardhi isipoguswa, utalikuta palepale baada ya miaka hamsini, hata sitini. Lakini ukilima, jembe au plau linageuza udongo, wa juu unakwenda chini na wa chini unakuja juu, na vumbi linachanganyika kote. Likishachanganyika halijipangi tena. Ukichukua udongo kwa bomba, ukaukata vipande vipande kuanzia juu kwenda chini, ukapima kimoja kimoja, utajua kama pale mahali pamewahi kulimwa au la. Udongo haudanganyi, kwa sababu haujui anayeuliza ni ndugu wa nani.

Profesa alihitaji eneo moja karibu na ziwa ambalo halijawahi kulimwa, ili maeneo mengine yote yalinganishwe nalo. Alilitaja kana kwamba anaagiza soda. Ukanda wote ule wa Bunda watu wamelima pamba na mihogo mpaka mlangoni. Kilichobaki bila kulimwa ni barabara, na hiyo nayo kuna watu wanaitolea macho. Nikamwambia nina baba mdogo Guta, anaijua ardhi ya huko kuliko mtu yeyote, twende tukamuulize.

Baba mdogo huyo ndiye aliyenilea. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la nne, na baba mdogo akanichukua pamoja na vitabu vyangu. Nilipofaulu kwenda sekondari aliuza dume lake la kulimia. Nilipofaulu kwenda chuo akauza la pili, akabaki mkulima wa pamba asiye na ng'ombe wa plau, anayeomba ng'ombe wa wenzake kama mtu anayeomba chumvi. Hajawahi kunikumbusha jambo hilo. Hakuwahi kuwa na haja, maana nililiona mwenyewe kila msimu wa kulima.

Sasa mzee yule, kuletewa profesa nyumbani kwake na mwanawe, mbele ya kijiji kizima, ilikuwa sherehe. Alivaa koti. Profesa akamweleza shida yake, na kwetu mgeni akiomba kitu haambiwi hakuna. Kama wewe huna, unampeleka kwa aliye nacho. Baba mdogo hakufikiri hata dakika. Akatutangulia, tukavuka shamba lake la pamba, tukavuka mstari wa minyaa wa mpakani, tukatokea kwenye uwanda wa nyasi ndefu ulioteremka mpaka kwenye mafunjo ya ziwa. Mama mmoja mjane, wa umri wa kuwa bibi, alikuwa ameinama anakata nyasi kwa mundu.

"Profesa," baba mdogo alisema, na sauti yake ilikuwa na raha ya mtu anayeijua historia, "hapa jembe haijagusaga toka babu zetu. Hii ni eneo ya huyu mama. Mume wake aliachiwaga na babake, na babake naye aliachiwaga. Wao wanakataga nyasi tu, za kuezeka na za mbuzi. Ukinikuta nadanganya, nifunge."

Tulikuwa watu watano pale: yeye, profesa, dereva, mimi, na mwenye eneo. Sote tulisikia.

Mama yule alinyoosha mgongo, akatusalimu mmoja mmoja, akamuuliza profesa kazi hiyo ingemsaidia nini. Profesa akamjibu kwamba tafiti za namna hii ni kwa faida ya wananchi. Ni jibu zuri sana, halina hasara kwa mtu yeyote, na mimi mwenyewe nimelitumia vijiji tisa. Mama akasema basi tuchimbe. Baba mdogo akanishikia ndoo huku koti lake likijaa mbegu za nyasi, nikagonga bomba kwa nyundo mpaka likazama, nikalitoa na udongo wake umesimama ndani kama kitumbua kwenye kikaango. Tulipomaliza mama alitukaribisha mihogo ya kuchemsha. Profesa alikula akiwa amesimama, kwa ajili ya viatu.

Huo ulikuwa mwezi wa nane. Mwezi wa kumi akaja mwekezaji.

Sikuwahi kumwona. Nilisikia tu kwamba kuna mtu kutoka mbali anatafuta mahali pa kujenga hoteli ya kitalii, pawe ufukweni na pasiwe na mawe, na kwamba alipita Guta akasimama muda mrefu kwenye ule uwanda wa nyasi akilitazama ziwa. Akauliza ni pa nani. Aliyekuwa karibu naye wakati huo, kwa bahati ya Mungu, alikuwa baba mdogo. Mwezi wa kumi na moja mvua zilipoanza, baba mdogo aliazima ng'ombe jozi mbili, akavuka mstari wa minyaa alfajiri na plau, na mpaka mama mjane anarudi kutoka kanisani, nusu ya nyasi zake ilikuwa imelala chini na matuta yamenyooka. Ilikuwa Jumapili. Baba mdogo ni mzee wa kanisa, na siku hiyo alitoa udhuru kwamba goti linamuuma.

Mama akaenda kushtaki baraza la kata. Baba mdogo naye akajibu kwa maandishi kwamba eneo ni la baba yake mzazi, kwamba yeye amelilima pamba kwa plau miaka thelathini, na kwamba yule mama na mumewe waliachiwa wakate nyasi pembeni kwa huruma tu. Kesi ikapigwa tarehe, ikasogezwa, ikapigwa tena, na pamba wakati huo inakua, inatoa maua, inafunga vitumba, kama shahidi anayeandaliwa.

Mwezi wa tatu majibu ya maabara yakanifikia. Profesa alinitumia majedwali yote ili nichore michoro, kwa sababu kuchora ni kazi ya msaidizi. Nilichora maeneo kumi na tisa. Mashamba yote yalikuwa sawa: vumbi la mabomu limetapakaa juu mpaka chini bila mpangilio, na shamba la baba mdogo, lile lake halali, lilikuwa mojawapo. Nikafika eneo la mama. Karibu vumbi lote lilikuwa kwenye sentimita tano za juu, na chini ya hapo hakuna kitu. Hakuna aliyekuwa ameigeuza ardhi ile tangu siku mvua ilipolileta. Profesa akanipigia simu akiwa amefurahi kama mtu aliyejaliwa mapacha. Alisema mchoro ule utakaa ukurasa wa mbele.

Nami nilifurahi, nisiwe mnafiki. Mchoro ulikuwa mzuri. Ilinichukua kama saa nzima kukumbuka kwamba ulikuwa pia shamba la mtu, na kwamba nilikuwa nimekaa na kitu pekee duniani kinachoweza kumsaidia. Udongo tulioutoa ulitoka kabla ya plau kupita. Usingepatikana tena, maana sasa palikuwa pamelimwa kweli.

Wiki moja kabla ya baraza, baba mdogo akanipigia. "Mwanangu, utakuja na ile mashine yako."

"Baba, mashine haiko kwangu. Iko chuoni."

"Basi utakuja mwenyewe. Utawaambia mashine imeona hii ni shamba ya siku nyingi."

"Haipimi hivyo, baba."

"Itapimaga vipi sasa, na wewe ndiyo unaipimia?"

Akaongeza kwa upole kwamba nivae vizuri, kwa sababu watu wa Guta hawajaniona siku nyingi. Ng'ombe hakuwataja.

Nikakaa wiki nzima Nyasho nikitafuta njia ya kutomwangusha aliyenisomesha na pia kutosema uongo. Msomi hakosi njia. Kwenye mkataba wangu kulikuwa na kifungu kinachosema kwamba takwimu ni mali ya mradi na hazitolewi kabla ya kuchapishwa. Nilikuwa nimekisaini bila kukisoma, kama tunavyosaini wote. Sasa nilikisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote, na kila nilipokisoma nilijiona mtu mwenye maadili zaidi. Ningeweza kumpigia profesa na kumuuliza kama kuna ruhusa. Sikumpigia. Niliogopa angesema ndiyo.

Baraza lilikaa mwezi wa tano, kwenye veranda ya ofisi ya kata. Wajumbe walikuwa kwenye benchi, mwenyekiti kwenye kiti cha plastiki, na karani akiwa na daftari lililokunjwa pembe. Baba mdogo alikuja na ndugu kumi na wawili, nami nikiwemo, nimevaa tai. Mama alikuja na kitambulisho chake na picha ya marehemu mumewe akiwa amesimama kwenye nyasi. Mjumbe mmoja aliitazama picha ile, akaigeuza nyuma kuona kama imeandikwa, akasema nyasi zinafananaga.

Baba mdogo alieleza. Alizungumza vizuri, akionyesha kwa mkono upande ambako pamba yake ilikuwa inapasuka nyeupe. Mama alipopewa nafasi hakusema mengi. "Hii pamba ni ya mwaka huu tu. Mimi sina karatasi. Lakini huyu mwenyewe alisemaga hapa jembe haijagusa. Alimwambia ule mgeni wa viatu nyeupe. Na huyu mtoto alikuwepo." Akanionyesha. "Muulizeni. Yeye ni mwalimu."

Veranda nzima ikageuka. Mwenyekiti, ambaye mtoto wake nimemfundisha, akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, ulimsikia baba yako akisema hivyo?"

Nikasema siku ile nilikuwa nimeshika nyundo na bomba, kelele zilikuwa nyingi, sikuwa nasikiliza mazungumzo.

"Sawa. Na hivyo vipimo vyenu, vinasemaje kuhusu hiyo udongo?"

Nikasema majibu bado hayajatoka.

Maswali yalikuwa mawili tu. Mimi ninayewafokea wanafunzi kwa kuacha nafasi wazi kwenye mtihani niliyajibu yote mawili, kwa sentensi kamili, na yote mawili nikayakosa kwa makusudi. Baba mdogo hakunitazama. Alitazama chini na kukwaruza sakafu kwa ncha ya fimbo, na nikajua kwamba naye alikuwa anaisikia nyundo ile, ambayo haikuwa imegonga hata mara moja wakati yeye akisema.

Mama alinitazama, lakini si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayefanya hesabu upya kuona alipokosea. Niliona aibu, na ninaiona hadi leo ninapoandika, na sina namna nzuri zaidi ya kuisema.

Baraza la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, kesi inakwenda wilayani, huko kuna mawakili na nauli na tarehe zisizoisha. Wajumbe wakamshauri mama kwa wema. Walimwambia hana ushahidi, umri umekwenda, majirani wasigombane. Suluhu ikawa kwamba eneo lote ni la baba mdogo, ila mama aachiwe kipande cha juu chenye kaburi la mumewe, na njia ya kufikia. Karani akaandika, mama akaweka dole gumba. Kisha akamuomba karani kitambaa, akajifuta wino taratibu mpaka ukaisha, wakati sisi kumi na watatu tunapeana mikono.

Hoteli ilijengwa haraka. Nasikia ina vitanda vikubwa na chai yao ni ya majani makavu yasiyotiwa maziwa. Baba mdogo alinunua ng'ombe wa plau jozi mbili, akanialika nije niwaone. Sikwenda. Nilimwambia shule imebana. Akaanza kunitumia salamu kupitia watu wengine, na mimi nikazijibu kupitia watu wengine, na hivyo ndivyo tulivyoendelea kupendana.

Utafiti ukachapishwa baada ya mwaka na kitu. Profesa alipita Musoma akanipa nakala, tukakaa kwenye mgahawa karibu na ziwa tukila sato, na kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha nikamsimulia habari ya baraza. Nilimsimulia kwa namna ambayo kile kifungu cha mkataba kilionekana vizuri. Aliacha kula.

"Lakini kwa nini hukunipigia?" akauliza. "Ningekuja mwenyewe. Mimi si nilimsikia yule mzee kwa masikio yangu?"

Profesa niliyemcheka kwa ajili ya viatu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Guta. Sikupitia kwa baba mdogo. Nilimkuta mama uani kwake anapepeta mahindi, mbuzi wamebaki wawili. Alinikaribisha kwa kuniita mwalimu, akaniletea kigoda. Nikamweleza kwamba kile kitabu cha ule udongo kimetoka. Akaniuliza kimeandikwa nini. Kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo nikamsomea kwa kukitafsiri, ile sehemu yake tu: eneo la nyasi kando ya ziwa, wilaya ya Bunda, ambalo vipimo vinaonyesha halijawahi kulimwa kwa muda wa miaka sitini au zaidi.

"Inasema hivyo?"

"Ndivyo inavyosema, mama."

"Mlijua lini?"

"Mwezi wa tatu."

Alipepeta kidogo. "Na baraza ilikaaga mwezi wa tano."

"Ndiyo, mama. Wa tano."

Aliweka ungo chini. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha tangu kwenye basi, na yalikuwa mazuri, lakini hakunipa nafasi. Aliinuka, akafunga kanga yake vizuri, akaniambia nimfuate na hicho kitabu. Tukapita njia nyembamba kando ya ukuta wa hoteli mpaka kwenye kile kipande alichoachiwa. Kaburi lilikuwa la udongo, limezungushiwa mawe.

"Msomee huyu," akasema. "Mimi nilimwambia tumenyang'anywa kwa sababu tulikosa ushahidi. Mwambie mwenyewe."

Nilisimama pale nikasoma. Nilianzia kwenye kichwa cha habari, nikapita utangulizi, njia tulizotumia, majedwali, mchoro. Pale penye neno halijawahi kulimwa nilishusha kitabu. Mama akasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, ambako mradi unawashukuru madereva, viongozi wa vijiji, na mwenyeji wetu wa Guta, kwa jina lake lote, kwa ukarimu wa kutuonyesha eneo lisiloguswa.

"Na mimi nipo?" akauliza.

Nikatazama ukurasa ule, ingawa sikuwa na haja ya kutazama. Orodha ya shukrani niliiandaa mimi.

"Hupo, mama," nikamwambia.